Sauti Zilezile, Mahali Pengine: Matamshi ya Neno la Kiingereza "Strength" kwa Wazungumzaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa nini neno la Kiingereza "strength", lenye silabi moja tu, huwa gumu kutamkwa na mzungumzaji wa Kiswahili ilhali sauti zote zinazoliunda zina wenzake katika Kiswahili Sanifu. Hoja inayojengwa ni kwamba kiini cha ugumu huo si sauti zenyewe, bali ni mahali ambapo kila sauti inaruhusiwa kukaa katika silabi. Ushahidi unatokana na maneno ya Kiingereza yaliyotoholewa na kuzoeleka katika Kiswahili, pamoja na muktadha wa Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, mahali ambapo Kiswahili, lugha za jamii na Kiingereza cha shuleni hukutana kila siku. Makala inahitimisha kwamba usahihi wa matamshi unapaswa kupimwa kwa kueleweka, na kwamba ufundishaji wake hauna budi kuanzia katika kile ambacho Kiswahili tayari kinacho.

1.0 Utangulizi

Kinyerezi ni kata ya Wilaya ya Ilala iliyoko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, upande wa magharibi. Nje ya jiji jina hilo linafahamika zaidi kwa sababu ya mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia: Kinyerezi I yenye uwezo wa megawati 150, na Kinyerezi II yenye uwezo wa megawati 240, iliyozinduliwa mwaka 2018. Habari za mitambo hiyo haziwezi kusimuliwa bila maneno kama megawati, gridi, transfoma, jenereta na gesi. Yote yametoka katika Kiingereza, lakini hakuna msikilizaji wa taarifa ya habari anayeyaona kuwa magumu. Yamekwisha kuvishwa vazi la wenyeji.

Hali hubadilika mzungumzaji huyohuyo anapotakiwa kutamka neno la Kiingereza likiwa bado ni la Kiingereza. Dar es Salaam, ambayo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, imejengwa na wahamiaji kutoka mikoa yote. Kijana anayekulia Kinyerezi, kama mwenzake wa Kinondoni au Temeke, anaweza kuwa na Kiswahili kama lugha ya kwanza huku wazazi wake wakiwa na lugha nyingine ya jamii. Akisoma shule ya msingi ya serikali, hufundishwa kwa Kiswahili, utaratibu unaotokana na uamuzi wa mwaka 1967. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika elimu ya sekondari, lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliendelea kukiweka Kiingereza katika nafasi hiyo.

Kwa hiyo matamshi si suala la urembo wa usemi. Mwanafunzi anayeogopa kuchekwa kwa namna anavyotamka neno huacha kuuliza swali, na swali lisiloulizwa ni somo lisiloeleweka. Roy-Campbell na Qorro (1997) walikwisha kuonesha jinsi Kiingereza kinavyoweza kuwa kizuizi cha elimu badala ya kuwa njia yake. Makala hii inachukua sehemu ndogo ya tatizo hilo, yaani neno moja, na kuuliza maswali mawili: ugumu wake unatoka wapi, na kulitamka kwa usahihi ni kulitamkaje?

2.0 Neno lenye herufi nane na sauti sita

Neno "strength", ambalo maana yake ya msingi ni nguvu, huandikwa kwa herufi nane, lakini katika matamshi yake ya kawaida lina sauti sita: s, t, r, e, nazali ya kaakaa laini, na kikwamizi cha meno. Kwa tahajia ya Kiswahili sauti hizo zingeandikwa s-t-r-e-ng'-th. Silabi ni moja, irabu ni moja, na konsonanti ni tano: tatu kabla ya irabu na mbili baada yake. Likitiwa alama ya wingi, "strengths", konsonanti za mwisho huwa tatu.

Tukizichunguza sauti hizo moja moja, mzungumzaji wa Kiswahili hana upungufu mkubwa. S na t ni za kawaida. R ya Kiswahili ni kimadende au kipigo, tofauti na r laini ya Uingereza, lakini tofauti hiyo haizuii kueleweka. Irabu e ipo. Nazali ya kaakaa laini ipo katika maneno kama ng'oa, ng'aa na nyang'anya, tena ni fonimu kamili, kwa kuwa ng'oa na ngoa, kama katika lia ngoa, ni maneno mawili tofauti. Kikwamizi cha meno kipo katika thamani, thawabu na thelathini, kikiwa kimeingia pamoja na maneno ya asili ya Kiarabu. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao lugha nyingi mashuhuri hazina. Kifaransa na Kijerumani sanifu, kwa mfano, hazina sauti hiyo kabisa.

Linalobaki kuelezwa ni kwa nini mwenye mali hii yote hushindwa kuitumia.

3.0 Mahali pa sauti katika silabi

Jibu limo katika kanuni za mfuatano wa sauti. Silabi ya kawaida ya Kiswahili ni wazi, yaani huishia katika irabu. Nazali inaweza kuwa silabi peke yake, kama katika m-tu na n-chi. Maneno yaliyotoka katika Kiarabu yameleta silabi funge katikati ya neno, kama lab-da, mak-ta-ba na el-fu. Hata hivyo, mwisho wa neno umebaki na ulinzi mkali: isipokuwa kwa nadra sana, neno la Kiswahili haliishii katika konsonanti.

Kanuni hiyo inazigusa sauti mbili za mwisho za "strength" kwa namna ya pekee. Nazali ng' katika Kiswahili hukaa mwanzoni mwa silabi tu, ilhali katika Kiingereza haikai mwanzoni mwa silabi kamwe. Lugha hizi mbili zina sauti moja, lakini zimeiweka katika ncha mbili zinazopingana. Mwingereza anayejifunza Kiswahili husumbuka kutamka ng'ombe kwa sababu ileile inayomsumbua Mswahili kutamka "strength". Sauti th nayo hukaa popote katika Kiingereza, lakini katika Kiswahili ni lazima ifuatwe na irabu. Kuziweka ng' na th pamoja, moja nyuma ya nyingine, bila irabu kati yake wala baada yake, ni jambo ambalo Kiswahili hakina mahali pa kuliweka.

Trubetzkoy (1939) aliufananisha mfumo wa fonolojia wa lugha ya kwanza na chekeche ambalo kila kinachosemwa hupitishwa humo. Aghalabu mfano huo huchukuliwa kuwa unahusu fonimu zinazokosekana. Kisa cha "strength" kinaonesha kwamba chekeche hilo huchuja nafasi pia. Msikilizaji anaweza kuwa na fonimu na asiitambue anapoikuta mahali asipoizoea.

4.0 Ushahidi wa maneno yaliyotoholewa

Njia ambazo Kiswahili hutumia kurekebisha mifuatano migeni zinaonekana wazi katika maneno yaliyozoeleka. Ya kwanza ni kuongeza irabu mwishoni. Mara nyingi irabu hiyo ni u baada ya konsonanti ya midomo, na i baada ya konsonanti nyingine. Ndiyo maana kuna stempu, krimu, skrubu na albamu kwa upande mmoja, na gesi, benki, shati na benchi kwa upande mwingine. Ya pili ni kuchopeka irabu katikati ya konsonanti, kama katika filamu, ambapo neno la silabi moja limekuwa la silabi tatu, na katika kilabu, linaloishi sambamba na klabu.

Uwili huo wa kilabu na klabu una funzo. Mwanzo wa neno umelegea kuliko mwisho wake. Kiswahili cha leo kinakubali skrubu, springi, treni na transfoma bila kuchopeka irabu baina ya konsonanti za mwanzo. Kwa kuwa skr na spr zimekwisha kupata hati ya ukaazi, str haiwezi kuwa ngeni sana. Kutokana na kanuni hizi inawezekana kubashiri maumbo ambayo "strength" ingeyapata ikitoholewa: "sitirengithi" kwa kanuni za zamani zilizo kali, na "strengithi" kwa kanuni zilizolegea. Katika yote mawili mwanzo unaweza kubadilika, lakini mwisho hupata irabu bila hiari.

Badiliko hilo huvuta jingine. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama lile la barabara lenye maana ya sawasawa. Irabu zikiongezwa, mkazo huhama. Katika "strengithi" mkazo utaangukia ngi, silabi ambayo haipo kabisa katika neno la Kiingereza, na irabu e iliyokuwa kiini cha neno itabaki bila mkazo. Msikilizaji asiyejua Kiswahili hupotezwa na uhamaji huo zaidi kuliko anavyopotezwa na irabu zilizoongezwa.

Irabu nazo zina somo lake. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na irabu takriban ishirini pamoja na irabu unganifu. Irabu isiyo na mwenza hugawanywa bila utaratibu mmoja. Neno "shirt" limekuwa shati na "nurse" limekuwa nesi, ingawa katika Kiingereza maneno hayo mawili yana irabu ileile, ambayo Wells (1982) aliitumia "nurse" kuwa jina la kundi lake. Kwa bahati njema "strength" ina irabu isiyo na utata, na hilo ndilo linaloifanya iwe mfano safi: likiondolewa tatizo la irabu, kinachobaki ni tatizo la nafasi peke yake.

5.0 Sikio na jicho

Maneno mengi ya zamani yaliingia kwa sikio, katika karakana, bandari, jeshi na nyumba za waajiri. Ushahidi ni risiti: "receipt" ya Kiingereza huandikwa kwa p isiyotamkwa, na Kiswahili hakikuichukua p hiyo kwa sababu hakuna aliyeisikia. Picha na kompyuta hazina r ya mwisho kwa sababu hiyohiyo, kwani matamshi ya Uingereza yaliyokuwa kielelezo huiacha r isiyofuatwa na irabu.

Mwanafunzi wa leo mara nyingi hulikuta neno kwa jicho, ukutani au katika kitabu, kabla ya kulisikia likitamkwa. Naye amefundishwa kusoma kwa tahajia ya Kiswahili, ambayo kila herufi ina kazi yake. Kwa mujibu wa tahajia hiyo, ng ni sauti ya nguvu, si ya ng'ombe. Anapoisoma "strength" kwa ng ya nguvu anafuata kwa uaminifu kanuni aliyofundishwa. Ndivyo inavyotokea pia b ya "debt" na d ya kwanza ya "Wednesday" zinapotamkwa. Kuyaita makosa hayo uzembe ni kutoutambua uaminifu huo.

Mvutano wa jicho na sikio unaonekana hata katika fasihi. Tafsiri ya tamthiliya ya Shakespeare iliyofanywa na Julius Nyerere ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, na mwaka 1969 ikatoka tena kama Juliasi Kaizari. Jina la pili haliigi matamshi ya Kiingereza yanayoanza na s. Liko karibu na Kaisari aliyekwisha kufahamika kwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili. Mfasiri alikijua Kiingereza vyema, lakini aliona kwamba jina linaloishi katika Kiswahili linawajibika kwa Kiswahili.

6.0 Usahihi ni upi?

Hapa ndipo inapofaa kutenganisha mizani mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Filamu ni neno la Kiswahili, na usahihi wake unapimwa kwa kanuni za Kiswahili. Anayemsahihisha mwenzake kwa sababu hakusema "film" katika sentensi ya Kiswahili anatumia mizani isiyohusika. Kinyume chake, katika sentensi ya Kiingereza "strength" inawajibika kwa kanuni za Kiingereza. Hata hivyo, kanuni hizo hazina umbo moja tu. Kamusi za matamshi huonesha kwamba wapo wenye lugha hiyo wanaopenyeza k kati ya ng' na th, na wapo wanaoibadilisha ng' kuwa n ya kawaida ili kuisogeza karibu na th. Wenyeji wenyewe, basi, hulegeza mwisho wa neno hili. Mfuatano wa ng' na th ni mzigo hata kwao.

Jenkins (2000), akichunguza mawasiliano ya Kiingereza baina ya watu ambao si lugha yao ya kwanza, alionesha kwamba si kila tofauti ya matamshi huvunja maelewano. Sauti za th hazimo katika orodha yake ya mambo ya lazima, lakini kuhifadhi konsonanti za mwanzo wa neno kumo. Aidha, kudondosha konsonanti ni hatari zaidi kuliko kuongeza irabu. Kisa chetu kinathibitisha jambo hilo. Anayesema "strengthi" hajaingia katika eneo la neno jingine lolote. Lakini anayedondosha th ya mwisho, na kuiinua e kidogo, amefika kwenye "string", yaani uzi. Anayesema "strengsi" ana kosa la sauti, ila msikilizaji hatapotea.

Badiliko la th kuwa s lina mzizi wake. Lugha nyingi za Kibantu nchini Tanzania hazina kikwamizi cha meno, na baadhi ya wazungumzaji wake husema "selasini" badala ya thelathini. Kwao tatizo la th halianzi katika Kiingereza. Linaanza katika Kiswahili, na linagusa maana: thamani si samani. Mwalimu wa Kiswahili anayesimamia tofauti hiyo anamsaidia pia mwalimu wa Kiingereza wa darasa la jirani.

7.0 Kutoka ng'oa hadi "strength"

Ikiwa tatizo ni nafasi, mazoezi ya kurudia neno zima mara ishirini hayatoshi, kwa kuwa kila marudio hupitia chekeche lilelile. Njia yenye tija ni kuanzia mahali ambapo sauti zinakaa kwa raha, kisha kuzisogeza hatua kwa hatua.

Kwanza, mwanafunzi atofautishe ng'oa na ngoa kwa kusikia na kwa kutamka, na atambue kwamba sauti inayotakiwa ni ile ya kwanza. Vivyo hivyo atofautishe thamani na samani. Pili, aziunganishe sauti hizo huku irabu ya mwisho ikiwa bado ipo: "reng'-tha". Hapo th ipo mwanzoni mwa silabi, nyumbani kwake, na kazi ngumu imebaki moja tu, nayo ni ng' iliyofunga silabi. Tatu, aongeze mwanzo: "streng'-tha". Nne, irabu ya mwisho ififishwe mpaka iwe mnong'ono, kisha iondolewe.

Hatua ya tano ndiyo inayopuuzwa zaidi. Neno litumike ndani ya kirai ambacho neno linalofuata huanza na irabu, kama "strength of" au "strength is". Katika usemi wa kawaida wa Kiingereza konsonanti ya mwisho huegemea irabu inayofuata, hivyo th husikika kana kwamba inaanza silabi mpya: "streng'-thov". Muundo huo unafanana sana na ule wa Kiswahili. Neno lililoonekana kuwa gumu likiwa peke yake ubaoni huwa jepesi ndani ya sentensi, na ndani ya sentensi ndiko maneno yanakoishi. Mwisho, mwanafunzi apige kofi moja tu kwa neno zima, ili mkazo ubaki kwenye e. Maneno kama "length" na "month" hufuata njia hiyohiyo, wakati "sixth" huhitaji mazoezi ya ziada kwa kuwa k, s na th hukusanyika mwishoni.

Ili mwanafunzi auone ugumu huu katika sura yake halisi, atazame pia upande wa pili. Jina Kinyerezi halina sauti hata moja inayomtatiza Mswahili. Mgeni mwenye lugha ya Kiingereza, kinyume chake, huelekea kuipasua ny iwe silabi mbili, kuzififisha irabu zisizo na mkazo, na kuirefusha e mpaka iwe irabu unganifu. Wakazi humwelewa, na hakuna anayehitimisha kwamba mgeni huyo ana akili pungufu.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba neno "strength" haliwi gumu kwa kukosekana kwa sauti. Kiswahili kina ng' na kina th. Kisichokuwa nacho ni kibali cha kuziweka sauti hizo mwishoni mwa neno. Irabu inayoongezwa na mzungumzaji wa Kiswahili ni kazi ya kanuni ileile iliyokipa Kiswahili filamu, gesi na stempu, na kanuni hiyo imeanza kulegea mwanzoni mwa maneno huku ikisimama imara mwishoni.

Matokeo yake kwa ufundishaji ni mawili. La kwanza ni kwamba mwalimu wa Kiingereza anahitaji kuijua fonolojia ya Kiswahili, kwa sababu humo ndimo makosa ya wanafunzi wake yanamopata utaratibu na humo ndimo dawa yake ilimo. La pili ni kwamba kosa lenye utaratibu halistahili kicheko. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayesema "strengithi" ameonesha kwamba anaimudu lugha moja kikamilifu. Akisahihishwa kwa kupitia lugha hiyo ataimudu na ya pili, na wakati huo wote ataendelea kunyoosha mkono na kuuliza.